Kipupwe, Pikipiki na Mtoto Mgongoni

Kama unaishi Njombe, Makete, Mufindi au Mbeya huna haja ya kuelezwa kipupwe ni kitu gani. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti maji ya ndoo iliyolala nje huuma vidole, na kule Kitulo asubuhi nyingine majani huamka meupe kwa barafu nyembamba. Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila upandapo meta 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Dada zetu wa Dar es Salaam hudhani tunatia chumvi, mpaka siku wanaposhuka kwenye basi mwezi wa saba wakiwa na kiblauzi cha mikono mifupi.

Sasa ichukue baridi hiyo, uipande juu ya pikipiki.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikienda vijijini kwa huduma ya mkoba nikiendesha pikipiki mwenyewe, sanduku la chanjo likiwa limefungwa nyuma. Asubuhi moja ya Juni niliondoka saa kumi na mbili na nusu. Ukungu ulikuwa mzito hata miti ya miwati kando ya njia sikuiona vizuri. Juu ya sare nilivaa sweta moja la kufuma, kiunoni khanga, mikono mitupu. Chanjo zangu, ambazo lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8, zilikuwa zimefungwa vizuri kuliko mimi!

Kwa dakika kumi za mwanzo vidole viliniuma sana. Baadaye vikaacha kuuma, nami nikafurahi, nikidhani mwili umezoea. Kwenye kona moja nikakuta ng'ombe wanavuka barabara. Niliwaona mapema kabisa, nikataka kukamata breki, lakini vidole havikukunja. Vilikuwa pale juu ya usukani kama vya mtu mwingine. Nikaenda mtaroni na pikipiki yangu.

Namshukuru Mungu niliumia goti tu. Kijana mmoja mchungaji alikuja kuninyanyua, akasema, "Shikamoo mama." Nilitaka kuitikia marahaba, lakini midomo ilikuwa mizito na neno likatoka limevunjika. Akanitazama, akauliza kwa upole, "Mama, umekunywa?" Sikuweza kumlaumu. Mtu aliyepigwa na baridi kali huongea kama mlevi, hujikwaa kama mlevi, na hufanya maamuzi ya kilevi. Nimewafundisha wengine jambo hilo, lakini siku ile nililisahau kabisa.

Hebu tutazame kinachotokea. Mwili wa binadamu hukaa karibu nyuzi 37. Ukiwa umesimama mahali pasipo upepo, ngozi yako hupasha moto tabaka dogo la hewa linaloizunguka, nalo hukukinga kama blanketi. Pikipiki huliondoa blanketi hilo kila nukta. Hewa ikiwa nyuzi 10 nawe unakwenda kilometa 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba ni nyuzi 5. Hewa ikiwa nyuzi 5, ngozi hiyo hupoa kana kwamba ni chini kidogo ya sifuri. Na nguo ikiloa umande au mvua, mambo huharibika zaidi, kwa kuwa maji hunyang'anya joto upesi mara nyingi kuliko hewa kavu.

Mwili ukiona hivyo hupunguza damu inayokwenda mikononi na miguuni ili kuokoa moyo na ubongo. Ndiyo maana mikono hufa ganzi kwanza, na mikono ndiyo yenye breki na klachi. Kutetemeka ni mwili unajitahidi kujipasha moto. Mtu akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, akawa msahaulifu na mzito wa ulimi, usiseme amepata nafuu. Huyo ni mgonjwa, na anahitaji kusaidiwa hapo hapo.

Basi, mavazi. Sweta zetu za kufuma ni nzuri, lakini zina matundu, na upepo wa pikipiki huyajua yote. Kinachohitajika ni koti lisilopitisha upepo juu ya sweta, hata kama ni koti jepesi la mvua. Mume wangu, ambaye hupanda pikipiki kila siku kwenda kazini, hukunja gazeti la jana na kulilaza kifuani kati ya sweta na koti. Nilikuwa nikimcheka. Siku nilipojaribu niliacha kucheka, maana karatasi hushika hewa na kuuzuia upepo. Zamani tulivaa pia mifuko ya nailoni juu ya soksi, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo siku hizi ni soksi nzito na buti. Soksi mbili zinazobana kiatu ni kazi bure, kwa sababu damu haipiti. Glovu ziwe za ngozi au za kitambaa kisichopitisha upepo, na zisizuie vidole kukunja. Shingoni skafu, ncha zake zikiwa zimechomekwa ndani ya koti zisije zikanaswa na gurudumu.

Safari ikiwa ndefu, mwambie asimame kila baada ya muda, ashuke, atembee na kupunga mikono. Vidole vikiacha kuuma, asimame mara moja. Nayasema haya kwa sababu ya goti langu.

Wapo wanaoamini kwamba kikombe cha ulanzi kabla ya safari hupasha mwili moto. Pombe hufungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, kwa hiyo mtu huhisi moto wakati joto lake la ndani linatoka nje. Amejidanganya mara mbili, na bado anataka kuendesha.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kipupwe kimoja mama kijana aliingia kliniki saa mbili asubuhi, ameshuka kwenye bodaboda, mtoto wa wiki tatu mgongoni. Walikuwa watatu juu ya pikipiki, mishikaki kama tunavyoita, yeye akiwa wa nyuma kabisa. Alikuwa na furaha. Akaniambia, "Dada, huyu mtoto ni mtulivu sana, amelala njia nzima, hakulia hata kidogo."

Nilimpokea mtoto. Miguu yake ilikuwa imetoka nje ya kitenge, soksi moja imeanguka njiani, na nyayo zilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kipimajoto kikaonyesha 35.2. Mtoto mchanga anatakiwa awe kati ya 36.5 na 37.5. Ule haukuwa utulivu. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka kama sisi, na ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, hivyo joto humkimbia haraka. Akishapoa sana hana nguvu ya kulia wala ya kunyonya.

Tulimvua nguo zenye unyevu, tukamvika kofia na kumlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, tukawafunika wote wawili kwa mablanketi. Mama alikaa kimya, machozi yakimtoka. Baada ya saa moja na nusu mtoto alianza kutafuta titi. Akalia. Wauguzi wote tulicheka kwa kusikia kelele hizo.

Siwezi kukwambia usipande bodaboda, kwa maana najua vijiji vyetu na najua miguu yako inavyochoka. Lakini kliniki si lazima uwe wa kwanza kwenye foleni. Ngoja jua litoke, ondoka saa nne. Kataa mishikaki. Mwambie dereva aende polepole, nawe usione haya, nauli ni yako. Mtoto avae kofia, soksi zilizofungwa vizuri na nguo kavu mbili tatu, uso usifunikwe kabisa akakosa pumzi. Simameni njiani umguse shingo na tumbo. Tumbo likiwa la baridi, safari imekwisha. Ingia nyumba yoyote iliyo karibu, uombe nafasi ya kumweka kifuani. Sijaona mwanamke wa huku atakayekufukuza.

Kuhusu nimonia, ambayo wengi husema huletwa na upepo wa pikipiki, ugonjwa huo huletwa na vijidudu, si upepo peke yake. Chanjo yake hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au mbavu zikibonyea avutapo pumzi, usingoje jua wala saa nne. Mfunike vizuri mwende hospitali saa hiyo hiyo.

Na baba akifika nyumbani ameganda, mvue nguo zilizoloa kwanza, kisha chai ya moto yenye sukari. Asiweke mikono yenye ganzi juu ya moto, ataungua bila kujua. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani na milango ikafungwa, hata kama anaomba. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Sisi kwetu jiko hubaki barazani, na mume wangu hunywa chai yake amejifunika blanketi mpaka masikioni, glovu zake zikining'inia kwenye kamba ya jikoni zikauke kwa ajili ya kesho.