Misimbo ya milio ya kompyuta

Misimbo ya milio ni milio mifupi na mirefu inayotolewa na bodi mama ya kompyuta ili kueleza hitilafu inapowashwa. Kabla ya mfumo wa uendeshaji kuanza, BIOS hukagua prosesa, kumbukumbu ya RAM na kadi ya video. Hitilafu ikitokea kabla skrini haijaanza kufanya kazi, maandishi hayawezi kuonekana, hivyo spika ndogo hutumika.

Maana ya milio hutegemea mtengenezaji wa BIOS. Katika IBM PC ya mwaka 1981, mlio mmoja mfupi huonyesha kwamba ukaguzi umekwenda vizuri. Mmoja mrefu na miwili mifupi huonyesha hitilafu ya kadi ya video. Katika BIOS za zamani za AMI, hitilafu hiyo huonyeshwa kwa milio minane, na milio mitatu huhusu RAM. Anayetumia jedwali lisilo la BIOS yake anaweza kubadilisha kifaa kizima bure.

Tatizo likiwa la RAM, kompyuta huzimwa, huchomolewa kwenye umeme, kisha RAM hutolewa na kupachikwa upya. Ukimya hauthibitishi uzima: huenda bodi haina spika au haipati umeme. Bodi nyingi za kisasa hutumia taa za LED badala ya milio.