Mtoto Mwenye Njaa Hachezi: Funzo Kutoka Embu

Mwanafalsafa akitaka kujua mchezo una kazi gani katika maisha ya mtoto, hukaa akatafakari. Watafiti waliofika Kyeni, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, katika miaka ya 1980 walifanya jambo jepesi zaidi: walisimama pembeni mwa uwanja wa shule wakati wa mapumziko na kuandika kila mtoto anafanya nini. Nani anakimbia, nani amesimama peke yake, nani anaanzisha mchezo wenzake wakamfuata, nani ana wasiwasi usoni. Kumbukumbu hizo zimeingia katika mjadala wa tangu enzi za babu zetu, na zinamhusu kila mzazi wa Meru na Embu anayempeleka mwanawe chekechea, darasa la PP1.

Mjadala wenyewe una pande kadhaa. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha chekechea huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliona mchezo kuwa njia ya mtoto kuudhihirisha ulimwengu ulio ndani yake, akamtengenezea mipira na vipande vya mbao vya kuchezea. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua Nyumba ya Watoto jijini Roma mwaka 1907, hakuvutiwa sana na michezo ya kuigiza. Kwa maoni yake, mtoto hupenda kazi ya kweli: mpe ufagio wa kimo chake na jagi lenye maji, uone atakavyozama kazini. Naye Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi, alieleza mwaka 1933 kwamba mchezo wa kuigiza ndio unaomfundisha mtoto kujitawala, kwa sababu kila nafasi anayoigiza ina sheria zake.

Ushahidi wa Vygotsky haupatikani vitabuni tu. Jumamosi moja katika boma la Runyenjes au la Igembe, watoto wako katika kalongolongo, mchezo wa kuigiza maisha ya nyumbani. Majani ya mgomba yameegemezwa ukutani yakawa nyumba. Mawe matatu ni mafiga, na udongo uliokorogwa ndani ya kopo ni ugali. Msichana wa miaka minne amefunga gunzi la mahindi mgongoni kwa kipande cha leso, na kwa kuwa "mtoto" amelala, wote wanatakiwa kunong'ona. Mvulana aliyechaguliwa kuwa baba anataka ugali sasa hivi. Anaambiwa bado hajatoka shambani, azunguke kwanza mgomba ule. Anazunguka. Mvulana huyohuyo, mama yake akimwambia asubiri chakula kiive, hulia. Ndani ya mchezo anasubiri bila kulia, tena kwa hiari yake.

Kabla ugali wa udongo haujaliwa, nyanya anamwita msichana aje kuchambua maharagwe. Hapo Montessori naye angetabasamu, maana mtoto anaketi kando ya ungo na kutenga mawe na mbegu kwa umakini uleule wa mchezoni. Katika familia nyingi za Mlima Kenya mchezo na kazi havijawahi kuwekewa ukuta. Mwanasaikolojia wa Kameruni, Bame Nsamenang, alitumia miaka mingi akitetea hoja hii: mtoto wa Kiafrika hukua kwa kushiriki shughuli za nyumbani na kwa kulelewa na watoto wenzake, na shule ya awali inayopuuza hilo inatupa mtaji ambao mtoto amekuja nao.

Hata hivyo, nadharia hizi zote huanza na mtoto ambaye tayari anacheza. Utafiti wa Embu uliuliza swali la nyuma zaidi: mtoto anahitaji nini ili aweze kucheza?

Kazi hiyo ilianza mwaka 1984. Miongoni mwa walioiongoza walikuwa Profesa Nimrod Bwibo, daktari wa watoto wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Charlotte Neumann na Marian Sigman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Majumbani waliwatazama watoto wadogo wanaoanza kutembea na kusema. Waliosemeshwa mara kwa mara, waliojibiwa walipotoa sauti, na waliochezeshwa kwa muda bila kukatizwa walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili walipofika miaka miwili na miwili na nusu. Shuleni, watoto waliokula vizuri zaidi walikuwa wachangamfu uwanjani, wenye furaha na wepesi wa kuongoza wenzao, huku wenye lishe duni wakionekana na wasiwasi.

Kisha ukame wa mwaka 1984 ukageuza utafiti kuwa jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Chakula kilipopungua, watoto wa shule walipunguza mwendo uwanjani, na darasani umakini wao ukashuka. Mwili unapokosa nishati hubana matumizi, na kukimbia na kuruka ni matumizi ya kwanza kukatwa.

Msomaji mkali atauliza: je, nyumba yenye chakula kizuri si mara nyingi ndiyo yenye wazazi waliosoma na wenye muda wa kuzungumza na watoto? Tutajuaje kwamba kilicholeta mabadiliko ni chakula? Swali hilo ndilo lililowarudisha watafiti Kyeni mwaka 1998. Walichukua shule 12 na zaidi ya watoto 500 wa darasa la kwanza, wakazigawa shule katika makundi manne. Kundi moja lilipewa githeri iliyotiwa nyama ya kusaga. La pili lilipewa githeri na maziwa. La tatu lilipewa githeri iliyoongezwa mafuta, ili nishati ilingane na ya makundi mawili ya kwanza. La nne halikupewa chakula shuleni, ila familia zake zilipewa mbuzi wa maziwa.

Waliokula nyama ndio walioongeza zaidi michezo ya nguvu uwanjani, na ndio walioongeza zaidi tabia ya kuanzisha jambo na kuwaongoza wenzao. Alama zao katika jaribio la kufikiri kwa kutumia michoro zilipanda kwa kasi kuliko za wengine, na katika hesabu pia walifanya vizuri. Maziwa nayo yalisaidia kimo, hasa kwa wadogo na waliokuwa wamedumaa. Kwa kuwa nishati ililingana, tofauti ilitokana na ubora wa chakula. Nyama ina madini ya chuma na zinki na vitamini B12, ambavyo ubongo na damu huvihitaji na ambavyo mahindi na maharagwe ya githeri peke yake hayavitoi vya kutosha. Vitamini B12 haimo kabisa katika mimea hiyo.

Kwa hiyo mchezo ni njia ya kujifunza, kama Froebel na Vygotsky walivyosema, na pia ni kipimo cha afya ambacho mwalimu anaweza kukisoma bila mashine. Mtoto anayekaa chini ya mti kila mapumziko asiitwe mpole kabla hajaulizwa amekula nini.

Tangu Katiba ya 2010, elimu ya chekechea iko mikononi mwa kaunti, na mtaala wa umilisi ulioingia PP1 na PP2 nchini kote mwaka 2019 unataka mtoto ajifunze kwa kutenda na kucheza. Lakini bado kuna wazazi wanaoipima chekechea kwa wingi wa kazi za nyumbani, na walimu wanaokatiza mapumziko ili herufi zimalizike. Viongozi nao hupenda kuzindua madarasa mapya, ilhali uji na chakula cha mchana huachwa vitegemee michango. Ushahidi wa Kyeni unasema uwanja na jiko ni sehemu ya darasa. Kaunti za Embu na Meru ziviweke katika bajeti moja.

Nawe mzazi, jioni mwanao akirudi kutoka chekechea, acha kwanza kufungua daftari lake. Muulize amecheza nini leo, amecheza na nani, na amekula nini. Kisha msikilize hadi amalize.