Chura wa Kihansi: Kufuga si Kuchimba Dimbwi tu



Jioni moja baada ya kisomo hapa Namawala, mzee mmoja alituuliza: "Mwalimu, nasikia vyura wa milima yetu walipandishwa ndege, wakaenda kufugwa Marekani. Tangu lini chura akafugwa? Ng'ombe anafugwa, kuku anafugwa. Chura ana faida gani?"

Darasa zima lilicheka. Lakini swali la mzee ni zuri, na habari aliyoisikia ni ya kweli. Leo tuieleze.

CHURA GANI HUYO?

Sisi wa Bonde la Kilombero tunaijua milima ya Udzungwa. Ukipanda treni ya TAZARA kutoka Ifakara kwenda Mlimba, milima hiyo iko kulia kwako. Huko juu, upande wa Chita, Mto Kihansi huanguka kwa kishindo katika korongo. Zamani maji yake yalipogonga mawe yalitoa manyunyu usiku na mchana. Majani ya pale hayakukauka, na hewa ilikuwa baridi.

Ndani ya manyunyu hayo aliishi chura mdogo wa rangi ya manjano. Aliyekomaa hafiki sentimita 3. Anaweza kukaa juu ya kidole gumba chako. Vyura tunaowajua hutaga mayai majini, kisha hutoka viluwiluwi. Huyu hatagi. Huzaa watoto walio hai, wenye miguu tayari.

Wataalamu walimgundua mwaka 1996. Hakuonekana mahali pengine popote duniani. Makao yake yote yalikuwa kama ekari 5 tu. Wako wakulima hapa bondeni wenye shamba la mpunga kubwa kuliko hapo.

MAJI YALIPOPUNGUA

Nchi ilihitaji umeme. Basi bwawa likajengwa juu ya maporomoko, na mwaka 2000 mitambo ya megawati 180 ilifunguliwa. Karibu sehemu 9 katika kila 10 za maji ya mto zilipitishwa chini ya ardhi kwenda kwenye mitambo. Manyunyu yakapungua mno.

Mwaka huohuo vyura 499 walichukuliwa, wakapelekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York. Waliobaki korongoni waliwekewa mabomba ya kunyunyiza maji.

Mabomba yalisaidia. Lakini mwaka 2003 vyura walianza kufa kwa wingi. Baadhi yao walikutwa na ugonjwa wa ngozi unaoletwa na aina ya kuvu. Kuvu huyo hadhuru watu, lakini kwa chura ni hatari kubwa. Chura hanywi kwa mdomo kama sisi. Maji huingia kwa ngozi yake, na hewa pia huipata kwa ngozi. Ngozi ikiharibika, chura amekwisha. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Waliobaki duniani ni wale waliofugwa tu.

WALIFUGWAJE?

Hawakutupwa katika dimbwi la nje. Waliwekwa katika masanduku ya vioo. Walinyunyiziwa maji safi, wakawekewa taa maalum, wakalishwa wadudu wadogo. Hata hivyo, miaka ya mwanzo walikufa wengi sana, wakabaki chini ya 100. Walezi wakajifunza taratibu, na vyura wakaongezeka hadi maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nchini, wakatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu mwaka 2012 vyura wamekuwa wakirudishwa korongoni.

Ng'ambo wako pia watu wanaofuga aksolotili, mnyama wa jamii ya karibu na chura. Asili yake ni maziwa ya Meksiko. Wengine humweka katika kidimbwi cha bustani. Huyo naye hutaka maji baridi. Kidimbwi cha Ifakara, jua la Novemba likiwaka, kingempika! Kila kiumbe ana maji yake.

SISI TUJIFUNZE NINI?

Wengi wetu tuna mabwawa ya samaki, au twapakana na majaruba yenye vyura. Basi tukumbuke haya:

1. Tusihamishe vyura au samaki ovyo kutoka maji haya kwenda maji yale. Ugonjwa husafiri nao.

2. Tope bichi pia hubeba kuvu. Wanaoingia korongo la Kihansi hutakiwa kusafisha viatu vyao kwa dawa. Nasi tukitoka bwawa moja kwenda jingine, tuoshe miguu, ndoo na nyavu, kisha tuanike vyombo juani vikauke kabisa.

3. Tusioshee bomba la dawa ya shamba mtoni wala bwawani. Ngozi ya chura hufyonza sumu upesi.

4. Tuwakanye watoto wasiue vyura kwa mchezo. Chura hula wadudu, wakiwemo wanaoharibu mazao yetu. Hiyo ni faida, na hatumlipi mshahara.

Mzee alisikiliza, kisha akasema: "Sawa, Mwalimu. Lakini mimi nataka umeme." Tulimjibu: "Hata sisi, mzee wetu." Umeme wa Kihansi unatumiwa na nchi nzima. Hakuna aliyesema mitambo ivunjwe. Lakini makao ya ekari 5 yalipoharibika, ilibidi kuvuka bahari, kununua mitambo ya manyunyu na kungoja miaka 12 ndipo vyura waanze kurudi. Kutunza makao mapema ni rahisi kuliko kuyatafuta baadaye.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini chura wa Kihansi hakuweza kuishi mahali pengine?
2. Ugonjwa unawezaje kutoka bwawa moja hadi jingine?
3. Katika kijiji chetu, ni maji gani yanayohitaji kutunzwa sasa, kabla hayajaharibika?