Nguvu za Steringi Zipimwe kwa Nini?

Kila aliyewahi kuingia kibanda umiza anaijua sheria hii: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atafungwa kamba, lakini mwisho wa muvi anayelala chini ni adui. Siku hizi steringi amepata mavazi ya kubana na uwezo wa kuruka angani, tunamwita supahiro, na hapa chuoni ubishi juu yake hauishi. Pita bweni lolote Ijumaa usiku utawakuta wana wamekaa kitandani wanabishana: Superman na Hulk wakikutana, nani atampiga mwenzake?

Ubishi huo naupenda na huwa nauingia. Ila kuna swali tunaloliruka. Tunauliza nani ana nguvu zaidi. Hatuulizi nguvu hizo zinawafanyia nini watu wanaoishi karibu na mwenye nazo. Kwetu Zirai, kwenye milima ya Usambara, swali hili la pili ni la zamani kuliko sinema, na Wasambaa walikuwa na maneno yao ya kulijibu. Nataka kuyaeleza maneno hayo, kwa sababu naona yanatufaa sana sisi tunaosomea ualimu.

Mwindaji aliyegawa nyama

Steringi wetu anaitwa Mbega. Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka 100 iliyopita na Abdallah bin Hemedi, katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, na wazee bado wanazisimulia, kila mmoja kwa namna yake. Kwa ufupi ni hivi. Mbega alizaliwa Ngulu. Meno ya juu yalitangulia kuota, yaani alikuwa kigego, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi. Alipokuwa mtu mzima ndugu zake wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake na silaha zake za kuwindia nguruwe, akahama pori kwa pori mpaka akaingia milima ya Usambara.

Mpaka hapo anafanana kabisa na masupahiro wa leo. Superman, aliyebuniwa na vijana wawili wa Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, na kutoka kwa mara ya kwanza mwaka 1938, naye ni mgeni aliyetoka mbali, wa ajabu tangu kuzaliwa. Lakini tazama Mbega alivyopata sifa. Wasambaa walikuwa wakulima, na mkulima wa mlimani anamjua nguruwe mwitu: usiku mmoja tu shamba limekwisha. Mbega aliwaua nguruwe hao, na nyama hakuila peke yake, aliwagawia wenyeji. Wenyeji nao wakampa chakula cha shambani. Baadaye wakaanza kumpelekea magomvi yao ayaamue. Akaua na simba. Habari zikatembea kijiji hadi kijiji, mwisho watu wa Vuga wakamchukua awe mtawala wao. Ukoo wake, Wakilindi, ukaitawala Usambara kwa vizazi kadhaa, na mtawala akaitwa Simba Mwene.

Angalia kitu kimoja: katika kukipata kiti hakumpiga mtu. Wanaopigwa ni nguruwe na simba. Kiti anapewa na watu ambao tayari wamekula nyama yake na kuona anavyoamua mashauri.

Najua mwenzangu wa idara ya historia atasema hii ni hadithi ya watawala, na kila mtawala hupenda kusema aliombwa. Ni kweli, na mimi sidai kila jambo lilitokea vilevile. Lakini hata kama simulizi imepambwa, lile pambo linatuonyesha wasikilizaji walitaka kusikia nini kuhusu mtu mwenye nguvu. Walitaka kusikia kwamba walishiba.

Kuponya nchi na kuharibu nchi

Sasa nije kwenye yale maneno. Mwanahistoria Steven Feierman wa Marekani, aliyefanya utafiti Usambara kwa miaka mingi, aliyaweka katikati ya kitabu chake cha mwaka 1990. Kishambaa kina usemi kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kinyume chake ni kubana shi, kuiharibu nchi. Shi siyo udongo peke yake. Ni mvua, migomba, mifugo, watoto wanaokua, na watu kulala bila hofu.

Kinachonivutia ni kwamba nguvu ni ileile kwa pande zote mbili. Mtawala aliyeaminiwa kuwa anaweza kuleta mvua aliaminiwa pia kuwa anaweza kuizuia. Kwa hiyo watu hawakuwa na haja ya kubishana kama ana nguvu au hana. Waliangalia mashamba. Nchi ikiwa nzima, nguvu zake zimekaa mahali pake. Njaa ikiingia na watu wakikimbia makwao, nguvu zimegeuka. Na hali waliyoiogopa sana waliiita nguvu kwa nguvu: wenye nguvu wawili wanashindana, hakuna aliye juu ya mwenzake, na wanaolipa gharama ni watu wa kawaida.

Hofu hiyo ilitimia. Kimweri ye Nyumbai, mtawala mkubwa wa Wakilindi, alifariki mwaka 1862. Kiti kikaenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini Semboja, mtoto wa Kimweri, alikuwa amekaa Mazinde, chini bondeni kwenye njia ya misafara, na huko bunduki zilipatikana. Akaishambulia Vuga. Wabondei nao wakawaasi Wakilindi, uasi unaojulikana kwa jina la Kiva. Katika miaka ya vita hivyo watu walitekwa na kupelekwa pwani kuuzwa utumwani. Mtu anatoka asubuhi kwenda shambani, jioni harudi.

Kwa kipimo cha bwenini Semboja ni mtu hatari: ana bunduki, ana mbinu, ameivamia Vuga yenyewe. Kwa kipimo cha shi, muulize mama ambaye mwanawe ameuzwa.

Kipimo hiki kinafanya kazi hata kwenye muvi. Katika Black Panther ya mwaka 2018, Killmonger anampiga T'Challa mbele ya watu wote, kihalali kabisa, na anakuwa mfalme. Kama nguvu ni kumpiga mwenzako, hadithi ingeishia pale. Lakini jambo analolifanya mapema baada ya kupata kiti ni kuamuru bustani ya ile mitishamba inayompa mfalme nguvu ichomwe, asije akaipata mwingine. Mzee yeyote wa Usambara angekwambia palepale kwamba huyu anabana shi. T'Challa naye, mwisho wa filamu, anaifungua Wakanda ili elimu na ufundi wake viwafae na watu wa nje. Nguo ni ileile na ngumi ni zilezile, ila safari hii anagawa nyama.

Steringi wa darasani

Kwa nini nayaleta haya kwa wanachuo? Kwa sababu wengi wetu tunakaribia kupewa nguvu. Tukienda TP tutasimama mbele ya watoto hamsini, sitini au zaidi, na wote watanyanyuka tukiingia. Kijana wa miaka 22 hajawahi kuwa na mamlaka kama hayo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na mchapaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ruhusa naye. Sote tumesoma, sote tunajua hali ilivyo.

Shule niliyosoma sitaitaja. Tulikuwa na mwalimu wa Fizikia ambaye akikanyaga tu varanda darasa zima linanyamaza. Tulimwona ndiye steringi wa shule. Lakini kwenye kipindi chake hakuna aliyethubutu kuuliza swali, maana swali la kijinga lilikuwa na bei yake. Kidato cha tatu kilipofika na tukaruhusiwa kuchagua, wengi tukaikimbia Fizikia, mimi nikiwemo. Mwalimu wa Jiografia alikuwa mama mmoja wa sauti ndogo. Alikuwa akibaki jioni na wale walioshindwa ramani, anarudia mistari ya kontua mpaka kila mtu auone mlima kwenye karatasi. Darasa lake lilikuwa na kelele kidogo. Pia ndilo lililojaa.

Mtu atauliza: je, mwalimu awe mlegevu? Hapana. Mbega bila mkuki asingeua hata nguruwe mmoja, na shamba lingeliwa. Darasa linahitaji mtu imara: anayejua somo lake, anayefika kwa wakati, anayemzuia mkubwa asimwonee mdogo. Hoja yangu ni kwamba uimara huo uelekezwe kwa nguruwe. Na nguruwe wa darasani ni ujinga, uonevu na njaa ya yule mtoto aliyetoka nyumbani bila uji. Mtoto mwenyewe ndiye shamba.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tukitawanyika kwenda mashuleni nawapendekezea kipimo kimoja rahisi. Wiki ya kwanza hesabu ni mikono mingapi inayonyooshwa kukuuliza jambo wasilolielewa. Andika namba hiyo nyuma ya daftari lako la maandalio ya somo. Wiki ya nne hesabu tena. Ikiwa imepanda, nguvu zako ziko mahali pake, hata kama hakuna anayenyamaza ukikanyaga varanda. Ikiwa imeshuka, usitafute fimbo ndefu zaidi. Kaa chini ujiulize unaharibu nini.