Hoja Zisizo na Idadi Maalumu katika Lugha ya C: Maelezo kwa Wanaisimu na Wafasiri

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hufunzwa mapema kwamba vitenzi havilingani katika idadi ya nomino vinazozidai. Kitenzi "anguka" hutosheka na kiima peke yake: mtoto ameanguka. Kitenzi "vunja" hudai yambwa pia: mtoto amevunja kikombe. Kikinyambuliwa kuwa "vunjia", hudai yambwa mbili: mtoto amemvunjia mama kikombe. Yafaa izingatiwe kwamba ongezeko hilo halifichiki. Kiambishi -i- hulitangaza ndani ya kitenzi chenyewe, naye msikilizaji hujua kuwa kuna nomino moja zaidi ya kupokewa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tatizo lilo hilo linavyoshughulikiwa katika C, lugha ya programu iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jambo hili si la wahandisi peke yao. Wafasiri wa Kiswahili hukabidhiwa ujumbe wa programu ili waufasiri, na badiliko dogo la mpangilio wa maneno, ambalo sarufi yetu hulidai, huweza kuiangusha programu nzima.

2. Namna hoja zinavyopokewa

Funksheni ni fungu la maagizo lililopewa jina. Hoja ni vitu ambavyo funksheni hukabidhiwa ili ivifanyie kazi, mfano wa yambwa kwa kitenzi. Kwa kawaida idadi na aina za hoja hutangazwa kabla, na kompaila hukataa mwito usioafikiana na tangazo. Lakini ziko funksheni, kama vile printf ambayo huandika matini, zisizoweza kujua kabla zitapewa hoja ngapi. Hizo hutangazwa kwa nukta tatu. Sanifu ya mwaka 1989 iliziwekea zana maalumu katika faili iitwayo stdarg.h. Tazama mfano huu wa kujumlisha namba:

    int jumla(int idadi, ...)
    {
        va_list orodha;
        int i, s = 0;
        va_start(orodha, idadi);
        for (i = 0; i < idadi; i++)
            s += va_arg(orodha, int);
        va_end(orodha);
        return s;
    }

Hapa va_start huiweka orodha mbele ya hoja ya kwanza isiyo na jina. Kila va_arg huchukua hoja moja ya aina iliyotajwa, kisha husogea kwenye inayofuata. Mwisho, va_end huifunga kazi hiyo. Mwito jumla(3, 10, 20, 30) hutoa 60.

Ikumbukwe kwamba funksheni yenyewe haina njia yoyote ya kuzihesabu hoja ilizopewa. Mwitaji akiandika jumla(4, 10, 20, 30), funksheni itachukua kitu cha nne kisichokuwako, yaani chochote kitakachokutwa mahali hapo katika kumbukumbu. Kwa hiyo hapana budi habari ya idadi ipitishwe kwa njia nyingine. Njia zilizozoeleka ni tatu: kutaja idadi, kama hapo juu, kuweka alama ya kikomo, kama funksheni execl ya Unix inavyomalizia kwa kielekezi tupu, au kutumia kiolezo, kama afanyavyo printf, ambamo %d husimamia namba kamili na %s husimamia mfuatano wa herufi.

3. Yatendekayo ndani ya mashine

Katika tarakilishi za Intel za biti 32, hoja kwa desturi hupangwa katika rundo la kumbukumbu kuanzia ya mwisho hadi ya kwanza, na va_arg husogea tu kwa ukubwa wa kila moja. Katika mashine za biti 64 zinazofuata kanuni za System V, namba kamili na vielekezi 6 vya kwanza hupitia katika rejista, nazo namba za desimali 8 za kwanza hupitia katika rejista nyingine. Orodha hapo hulazimika kukumbuka nafasi mbili, moja kwa kila kundi.

Aidha, hoja zisizo na jina hubadilika zinapopita: char na short huwa int, na float huwa double. Kuomba float kwa va_arg ni kosa, kwa sababu hakuna float iliyowahi kufika. Mwanaisimu atakumbuka hapa "mu-alimu" anavyofika sikioni akiwa "mwalimu".

4. Mfasiri mbele ya kiolezo

Chukua kiolezo "%d %s", kilichoandikwa na Mwingereza ambaye hutanguliza idadi, nacho kinapewa 3 na "vitabu". Mfasiri, akifuata sarufi ya Kiswahili, ataandika "%s %d". Mpangilio wake ni sahihi kabisa kwa sikio. Hoja, hata hivyo, hazikuhama. printf itaichukua namba 3 kana kwamba ni anwani ya maneno, na kwa kawaida mfumo utaikatiza programu papo hapo.

Dawa imo katika sanifu ya POSIX: "%2$s %1$d", yaani hoja ya pili kwanza, kisha ya kwanza. Pia programu msgfmt ya GNU, ikiamriwa kwa --check-format, hulinganisha alama za tafsiri na za matini asilia. Wala kiolezo kisiachwe kitoke kwa mtumiaji asiyejulikana. Mwaka 2000 wavamizi waliitumia kasoro ya aina hiyo katika programu wu-ftpd, kwa kuwa alama %n huandika ndani ya kumbukumbu badala ya kusoma.

Lakini liko jambo ambalo namba za nafasi haziliponyi. Kiolezo "%2$s ya %1$s" hufaa "barua ya Asha". Hakifai kitabu, ambacho hudai "cha", wala mkoba, ambao hudai "wa". Upatanisho wa ngeli haumo katika hoja. Mfasiri apaswa kudai sentensi kamili kwa kila nomino, wala si vipande vya kuungwa.

5. Hitimisho

Kiswahili hutangaza hoja za ziada ndani ya kitenzi. C huacha tangazo hilo mikononi mwa mwitaji na kumwamini. Anayekifasiri kiolezo huwa ameingia katika mapatano hayo, ajue asijue. Kwa sababu hiyo, mafunzo ya tafsiri katika vyuo vyetu yafaa yafundishe kusoma kiolezo kama yanavyofundisha kusoma sentensi.