Kwa Nini Gari Huchemka Upesi Milimani

Mkulima wa Kinangop ajua kwamba maharagwe yake hukawia kuiva kuliko ya ndugu yake aliye Mombasa. Sababu ni kuwa huku juu hewa ni nyepesi, na maji huchemka upesi. Pwani huchemka kwenye digrii 100, lakini kwenye futi 8,000 huchemka karibu na digrii 92.

Maji ya rejeta nayo ni vivyo hivyo. Kwa hiyo kifuniko cha rejeta si kama kifuniko cha debe. Kina springi na mpira wa kubana maji yasichemke hata yakipita digrii 100. Mpira huo ukichakaa, pikapu iliyojaa mikebe ya maziwa itachemka mlimani, na mwenyewe atalaumu injini. Wako walionunua pampu mpya bure!

Basi kila wiki, asubuhi injini ikiwa baridi, fungua kifuniko uutazame mpira. Ukiwa umepasuka, nunua kifuniko chenye namba ile ile. Namba kubwa zaidi yaweza kupasua rejeta.

Gari likichemka njiani, zima injini ungoje hata ipoe kabisa. Usifungue kifuniko, hata kwa kitambaa, maana maji yataruka yakuunguze uso. Wala usitie maji baridi ya mtoni katika injini yenye moto. Chuma chaweza kupasuka, na hasara hiyo hailipwi kwa maziwa ya mwezi mmoja. Ukiona mikebe itachelewa, mwombe jirani mwenye mkokoteni wa punda aitangulize.