Vumbi la mawe linavyopasua mifuko ya seli mapafuni

MGENI anayefika Tabaka, eneo la Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii, huliona vumbi kabla ya kuviona vinyago. Limetanda juu ya nyasi, nguoni mwa wachongaji na hata katika nyusi zao. Jiwe la sabuni hukubali panga na kisu bila ukaidi, na kwa miongo mingi limelisha jamaa na kusomesha watoto. Kwa kuwa jiwe lenyewe ni laini, wengi huamini kwamba vumbi lake nalo ni laini. Kikohozi kikizuka, lawama huelekezwa kwa baridi ya milimani.

Ulaini wa jiwe mkononi si ushahidi wa upole wake kifuani. Miamba ya aina hii huweza kuwa na chembe ngumu za silika ya fuwele, ile ile ipatikanayo katika mchanga, na kiasi chake hutofautiana kutoka mwamba hadi mwamba. Mponda kokoto wa Nyamira, agongaye mawe magumu kwa nyundo kando ya barabara, huenda akavuta silika nyingi kumpita mchongaji. Mwaka wa 1997 wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) uliiweka silika hiyo miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Hata hivyo, madhara huanza mapema zaidi, ndani ya seli moja.

Chembe kubwa za vumbi hunaswa puani na kooni. Zilizo ndogo kuliko maikroni 5 hivi hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa, ambako hukutana na askari wa doria: seli ziitwazo makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza kila kitu kigeni. Kinachomezwa hupelekwa kwenye lisosomu, vijifuko vilivyo mfano wa tumbo la seli. Mbelgiji Christian de Duve ndiye aliyevitambulisha mwaka wa 1955, na mwaka wa 1974 akashiriki Tuzo ya Nobel. Ndani yake mna asidi pamoja na vimeng'enya zaidi ya 50, viwezavyo kuyeyusha protini, mafuta na hata bakteria. Utando wa lisosomu ndio unaoizuia seli isijile yenyewe.

Bakteria huyeyuka. Silika haiyeyuki. Jambo hili lilifafanuliwa mwaka wa 1966 na Anthony Allison pamoja na wenzake. Allison, aliyelelewa hapa Kenya, anakumbukwa zaidi kwa kuonyesha uhusiano kati ya selimundu na kinga dhidi ya malaria. Katika utafiti huo wa vumbi walionyesha kwamba silika iliyomezwa huuharibu utando wa lisosomu, vimeng'enya vikavuja na seli ikafa.

Si kila mvujo huua. Utando ukitoboka kidogo, protini za ukarabati hukimbilia tundu hilo na kuliziba, na seli huamrisha lisosomu mpya ziundwe. Isitoshe, juu ya lisosomu hukaa protini iitwayo mTOR, ambayo huiarifu seli iwapo kuna chakula cha kutosha kukua. Utando ukijeruhiwa, mTOR hunyamaza na ujenzi husimama. Mfuko huo, basi, ni tumbo na pia kituo cha habari.

Mvujo ukizidi, habari hubadilika kuwa king'ora. Mwaka wa 2008 watafiti walieleza jinsi kimeng'enya kiitwacho kathepsini B, kikishavuja, kinavyochangia kuamsha mtambo wa protini wa NLRP3. Mtambo huo huruhusu kutolewa kwa intalukini-1 beta, ujumbe unaozitangazia seli jirani kwamba adui ameingia. Seli nyingine za ulinzi humiminika, uvimbe hutokea, na seli zinazounda nyuzi za kovu huanza kazi.

Hapa ndipo penye msiba wenyewe. Seli iliyokufa huiacha chembe ile ile ya silika ikiwa nzima, makrofaji nyingine huimeza, nayo huvuja. King'ora hulia tena. Ndiyo maana mtu aliyeacha kuchonga miaka mingi iliyopita anaweza kuendelea kudhoofika, makovu yakitanda pasipo vumbi jipya. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, nao hauna dawa ya kuuponya.

Zaidi ya hayo, bakteria wa kifua kikuu hupigwa vita na makrofaji hizo hizo. Zikiwa zimechoshwa na silika, bakteria hupata makao, na hatari ya kifua kikuu huongezeka.

Akina mama wanaosugua vinyago kwa msasa ndani ya karai la maji wameshika njia iliyo salama zaidi, ingawa sidhani kama wengi wao wamewahi kupongezwa kwa hilo. Vumbi lililolowa halipai. Hatari iko zaidi pale mashine inapokata jiwe kavu, hasa chini ya paa. Kitambaa cha kufungwa usoni hakizuii chembe ndogo kabisa, barakoa maalumu ya vumbi huzuia.

Mchongaji au mponda kokoto anayekohoa akifika kliniki, aitaje kazi yake hata asipoulizwa, kwani katika picha ya eksirei silikosisi na kifua kikuu huweza kufanana.